Motere ya Mazuti: Tone Dogo Linalosukuma Kamio

1. Motere isiyo na buji

Watoto, mmeona mara nyingi kamio zinazopanda milima ya Kivu na mizigo yao mizito. Mmesikia mashini ya kusaga mahindi na mihogo ikilia toka asubuhi hata jioni. Hospitalini usiku mmeona taa za umeme zikiwaka, na nyuma ya nyumba mmesikia motere ikinguruma. Mashua kubwa za ziwa la Tanganyika nazo zinakwenda kwa motere. Nyingi za motere hizo zinakula mafuta ya namna moja, ndiyo mazuti.

Motere ya esansi, kama ile ya pikipiki, ina buji. Buji inatoa cheche, na cheche inawasha esansi. Lakini ukitafuta buji katika motere ya mazuti hutaiona. Basi nani anawasha moto ndani yake? Hilo ndilo swali la kwanza la somo letu. Na swali la pili ni hili: mazuti yanaingiaje mahali penye moto, kwa saa yake na kwa kipimo chake?

2. Hewa iliyosongwa inakuwa moto

Chukueni pompi ya baiskeli. Zibeni tundu lake kwa kidole, kisha sukumeni mpini kwa nguvu mara kumi. Sasa gusa chuma cha pompi karibu na mwisho wake: kina moto. Hamkukipasha penye jiko, hamkukiweka juani. Ni hewa iliyosongwa ndiyo iliyopata moto.

Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki walilijua jambo hilo tangu zamani. Walitia kipande kidogo cha kuwashia moto ndani ya mwanzi au pembe, wakapiga kijiti kinachoziba vizuri, ghafula na kwa nguvu. Walipokitoa, moto ulikuwa umeshika.

Motere ya mazuti inafanya vile vile, lakini kwa nguvu zaidi. Ndani ya silindri pistoni inapanda na kushuka. Kazi yake ina hatua nne:

Hatua ya kwanza: pistoni inashuka, na silindri inavuta hewa tupu. Angalieni vizuri: hewa tupu, bila mazuti.

Hatua ya pili: milango ya silindri imefungwa, pistoni inapanda, na hewa inasongwa. Hewa iliyojaza nafasi 18 inalazimishwa kukaa katika nafasi 1 tu. Inapata moto wa digri 500 na zaidi. Maji yanachemka kwa digri 100. Fikirini basi moto huo.

Hatua ya tatu: mazuti yanapulizwa ndani ya hewa ile. Yanawaka yenyewe, bila cheche. Moto unapanua hewa, hewa inasukuma pistoni chini kwa nguvu. Hatua hii tu ndiyo inayotoa kazi.

Hatua ya nne: pistoni inapanda tena na kutoa moshi. Kisha yote yanaanza upya.

Kwa hatua hizo nne motere inazunguka mara mbili. Kwa hiyo mazuti yanapulizwa mara moja tu katika mizunguko miwili. Shikeni neno hilo, tutalihitaji katika hesabu.

3. Kwa nini tone lazima livunjwe

Mama akitaka kuwasha moto upesi, hachukui gogo zima. Anachukua vijiti vyembamba na majani makavu. Gogo linaungua kwa nje tu, lakini vijiti vinaguswa na hewa pande zote. Mazuti nayo ni hivyo. Yakimwagwa ndani ya silindri kama maji ya kikombe, yataungua vibaya na kutoa moshi mweusi. Lazima yawe kama ukungu wa asubuhi.

Tuhesabu kidogo. Tone lenye upana wa milimetri 1 likivunjwa kuwa matone yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimetri, tunapata matone 1,000,000. Mazuti ni yale yale, hayakuongezeka. Lakini ngozi ya matone hayo yote pamoja, ile inayoguswa na hewa, imekuwa kubwa mara 100. Ndiyo sababu ukungu unawaka mara moja.

Na kuvunja mazuti namna hiyo kunataka nguvu kubwa. Zaidi ya hayo, hewa iliyosongwa ndani ya silindri inasukuma nje. Asiye na nguvu kuishinda hataingia. Katika motere nyingi za zamani mazuti yanasongwa mpaka kila santimetri ya mraba ibebe kama kilo 200. Ukucha wa kidole gumba ni kama santimetri moja ya mraba. Weka juu ya ukucha huo magunia mawili ya mahindi, kila gunia kilo 100. Hiyo ndiyo nguvu ya mazuti ndani ya mrija.

4. Safari ya mazuti

Tufuate sasa mazuti toka tangi hata silindri.

Kwanza ni tangi. Chini yake kuna parafujo ya kutolea maji na uchafu vilivyotua.

Pili ni pompi ndogo ya kuvuta. Yenyewe haina nguvu nyingi. Kazi yake ni kuleta mazuti tu. Kandoye kuna mpini mdogo wa kuisukuma kwa mkono.

Tatu ni filtri. Mazuti yanapita katika karatasi au kitambaa kizito, na uchafu unabaki nje.

Nne ni pompi kubwa, pompi ya kusonga. Hii ndiyo moyo wa kazi yote.

Tano ni mirija ya chuma, minene kwa nje na myembamba kwa ndani, mmoja kwa kila silindri.

Sita ni enjekteri, yaani kipulizo, iliyoingia katika kichwa cha silindri.

Saba ni mrija wa kurudisha. Mazuti machache yanayovuja ndani ya enjekteri hayatupwi, yanarudi katika tangi au filtri.

5. Pompi ya kusonga

Katika pompi hiyo, kila silindri ya motere ina pistoni yake ndogo, nene kama kidole au pungufu. Chini yake unazunguka mhimili wa chuma wenye nundu. Nundu ikifika, inasukuma pistoni juu. Nundu ikipita, kamani inairudisha chini. Pistoni inapanda urefu ule ule siku zote. Hapo mtaniuliza: ikiwa inapanda sawasawa siku zote, namna gani shofere anapata mazuti mengi mlimani na machache penye tambarare?

Jibu ni zuri. Ubavuni mwa pistoni ndogo wamechonga mfereji wa mshazari. Na katika ukuta wa nyumba yake kuna tundu ambalo mazuti yanaingia. Pistoni ikipanda, kwanza inaziba tundu. Mazuti yaliyo juu yake hayana njia nyingine, yanakimbilia mrija wa enjekteri. Pistoni ikizidi kupanda, mfereji unafika penye tundu. Papo hapo mazuti yanapata njia ya kurudi nyuma, nguvu inaanguka, na kupuliza kunakoma.

Kwa kuwa mfereji ni wa mshazari, ukizungusha pistoni kidogo, mfereji utafika penye tundu mapema au kwa kuchelewa. Ukifika mapema, mazuti yanayopulizwa ni machache. Ukichelewa, ni mengi. Fimbo yenye meno inazungusha pistoni zote pamoja, na shofere anaivuta kwa mguu wake. Akitaka kuzima motere, pistoni inazungushwa hata tundu lisizibwe kamwe: mazuti hayapulizwi tena, na motere inasimama.

Pistoni hiyo na nyumba yake vimesuguliwa pamoja hata nafasi kati yao ni sehemu 2 au 3 za elfu za milimetri. Unywele wa kichwa chako una unene wa sehemu 70 hivi. Kwa hiyo hata unywele hauwezi kupenya hapo. Ndiyo sababu fundi habadilishi pistoni ya nyumba hii na ya nyumba ile. Zimezaliwa pamoja, zinatumika pamoja.

Pompi ina mtunza mwendo vile vile. Ni vyuma vizito vinavyozunguka. Motere ikienda mbio sana, vyuma vinatanuka na kuvuta fimbo yenye meno, na mazuti yanapungua. Tazameni mashini ya kusaga: mama akimwaga mahindi, motere inaanza kulemewa na kupunguza mwendo. Vyuma vinarudi ndani, fimbo inaongeza mazuti, na motere inapata nguvu tena. Hakuna mtu aliyeigusa.

6. Enjekteri

Ndani ya enjekteri mna sindano ya chuma. Kamani ngumu inaikalia juu na kuifanya izibe njia. Mazuti yakifika na nguvu ya kutosha, yanainua sindano na kutoka katika vitundu vyembamba sana, kama ukungu. Nguvu ikianguka, kamani inashusha sindano mara moja. Njia imezibwa, hata tone moja lisitiririke.

Saa ya kupuliza ni jambo kubwa. Mazuti yanaanza kuingia kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa kuwa ukungu unataka nafasi ndogo ya kupata moto. Yakiingia mapema mno, motere inagonga kama nyundo na vyuma vinaumia. Yakichelewa, nguvu inapotea na moshi unakuwa mwingi.

7. Hesabu ya mashini ya kusaga

Motere ya mashini ya kusaga ina silindri moja. Inazunguka mara 600 kwa dakika. Tumesema kwamba mazuti yanapulizwa mara moja katika mizunguko miwili. Basi ni mara 300 kwa dakika, ndiyo mara 5 kwa sekunde, na mara 18,000 kwa saa.

Tuseme motere hiyo inakula litri 1.8 kwa saa. Litri 1.8 ni santimetri kyubu 1,800. Gawanya 1,800 kwa 18,000: kila mara inapulizwa sehemu moja ya kumi ya santimetri kyubu. Ni matone machache tu! Na yanapulizwa kwa muda wa sehemu 5 au 6 za elfu za sekunde. Kufumba na kufumbua jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Kweli, haba na haba hujaza kibaba: kwa matone hayo madogo kijiji kizima kinapata unga.

8. Mazungumzo ya fundi na mwanafunzi

MWANAFUNZI: Hodi, mzee! Motere ya mashini imezima. Tangi lilikwisha, tukatia mazuti mapya, lakini haitaki kuwaka. Tumeizungusha hata mikono inauma.

FUNDI: Karibu, mwanangu. Tangi lilipokwisha, kitu gani kiliingia katika mirija?

MWANAFUNZI: Hewa, mzee.

FUNDI: Vema. Ukisonga hewa inafanya nini?

MWANAFUNZI: Inapungua, inakuwa ndogo.

FUNDI: Na ukisonga mazuti?

MWANAFUNZI: Hayapungui, yanabaki vile vile.

FUNDI: Umejibu mwenyewe. Pistoni ndogo inasonga hewa. Hewa inakunjamana, kisha inatanuka tena. Nguvu haifiki penye sindano, na sindano haiinuki. Hata ukizungusha motere mpaka kesho, hutapata kitu.

MWANAFUNZI: Tufanye nini sasa?

FUNDI: Tutoe hewa. Legeza parafujo ya juu ya filtri, sukuma mpini wa pompi ndogo. Unaona nini?

MWANAFUNZI: Mapovu yanatoka pamoja na mazuti.

FUNDI: Endelea hata mapovu yakome, kisha funga. Fanya vile vile penye parafujo ya pompi kubwa. Mwisho nitalegeza nati ya mrija wa enjekteri mimi mwenyewe, na wewe utazungusha polepole. Weka mikono yako mbali. Mazuti yakitoka bila povu, nitakaza, na motere itawaka.

MWANAFUNZI: Ahsante, mzee. Kumbe haikuharibika!

FUNDI: Haikuharibika. Lakini siku nyingine msingoje tangi likauke.

9. Adui watatu

Adui wa kwanza ni uchafu. Mchanga usioonekana kwa macho unakwaruza pistoni ndogo na kuziba vitundu vya enjekteri. Usimwage mazuti kwa bidoni chafu. Pipa likiisha kuletwa, liache litulie kwanza, na usivute mazuti ya chini kabisa.

Adui wa pili ni maji. Mazuti yenyewe ndiyo yanayolainisha pompi na enjekteri. Maji hayalainishi, yanaleta kutu. Katika nchi yetu ya mvua nyingi, pipa lililosimama nje linakusanya maji juu ya kifuniko, nayo yanapenya ndani. Lilaze ubavu, au liweke chini ya paa. Wengine wanatia maji au petroli ya taa katika mazuti ili wapate faida. Huo ni wizi, na mwisho wake ni pompi iliyokufa.

Adui wa tatu ni hewa. Mmekwisha kumsikia.

Tazameni moshi pia, kwa sababu moshi unasema. Moshi mweusi unasema: mazuti ni mengi mno, au hewa ni chache, au enjekteri haipulizi vizuri. Moshi mweupe usiokwisha unasema: mazuti yanatoka bila kuungua. Moshi wa samawati unasema: mafuta ya kulainisha motere yanaungua. Mwenye motere akisikia mapema, analipa kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

10. Hatari mbili

Sikilizeni sana sehemu hii, watoto. Mrija wa enjekteri ukivuja, au enjekteri ikipuliza nje, USIWEKE MKONO WALA KIDOLE. Mazuti yenye nguvu namna hiyo yanatoboa ngozi kama sindano na kuingia katika nyama. Jeraha linaonekana dogo, kama kuchomwa na mwiba, na pengine haliumi sana mwanzoni. Lakini ndani nyama inaanza kufa. Mtu huyo lazima apelekwe hospitalini mara moja, siku ile ile na saa ile ile, naye amwambie mganga: «Ni mazuti ya enjekteri.» Akingoja, anaweza kupoteza kidole, au mkono mzima.

Hatari ya pili ni moshi. Motere isifanye kazi ndani ya nyumba iliyofungwa. Katika moshi mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu usingizini. Moshi upelekwe nje kwa bomba, mbali na madirisha ya watu wanaolala.

11. Nani aliyeivumbua?

Motere hii inaitwa kwa jina la Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris katika mwaka 1858; wazazi wake walikuwa Wajerumani. Alisoma uinjinia huko München. Aliona kwamba mashini za mvuke zinapoteza moto mwingi bure, akatafuta njia ya kutumia moto vizuri zaidi. Katika mwaka 1893 motere yake ya kwanza ilijaribiwa Augsburg, lakini haikuweza kufanya kazi vema. Hakukata tamaa. Katika mwaka 1897 motere mpya ilipimwa: kati ya sehemu 100 za moto wa mafuta, sehemu 26 ziligeuka kazi. Mashini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufikia hata nusu ya hiyo.

Diesel mwenyewe alipuliza mafuta kwa hewa iliyosongwa na pompi nyingine kubwa. Mtambo huo ulikuwa mzito. Uliweza kukaa katika kiwanda au meli, lakini si katika kamio. Katika mwaka 1913 Diesel alipotea baharini, alipokuwa akisafiri kwa meli toka Antwerpen kwenda Uingereza.

Kazi iliendelea kwa mikono ya wengine. Katika mwaka 1922 Robert Bosch wa Stuttgart alianza kutengeneza pompi ya kusonga mazuti bila hewa, na katika mwaka 1927 kiwanda chake kilianza kuitoa kwa wingi. Tangu hapo motere ya mazuti iliingia barabarani. Toka mwaka 1997 magari madogo yakaanza kupata mtambo mwingine: pompi moja inajaza bomba moja la pamoja, na umeme ndio unaofungua kila enjekteri. Leo katika mitambo hiyo nguvu inapita kilo 2,000 juu ya santimetri moja ya mraba, mara kumi kuliko zamani. Lakini kanuni ni ile ile: hewa ya moto, ukungu mwembamba, saa ya haki, kipimo cha haki, na mazuti safi.

MANENO

Mazuti: mafuta ya motere isiyo na buji.
Kamani: waya mgumu uliozungushwa, ukisongwa unarudi.
Mshazari: isiyo wima wala ya kulala, imeinama.
Kulainisha: kufanya chuma kiteleze bila kukwaruzana.

MASWALI

1. Nani anawasha mazuti ndani ya silindri?
2. Katika hatua ya kwanza silindri inavuta nini?
3. Kwa nini mazuti yanavunjwa kuwa ukungu?
4. Mfereji wa mshazari una kazi gani?
5. Kwa nini hewa katika mirija inazuia motere kuwaka?
6. Taja njia mbili za kulinda pipa la mazuti na maji.
7. Rafiki yako amepigwa mkononi na mazuti ya enjekteri, naye anasema: «Si kitu, ni alama ndogo.» Utamjibu nini, na utafanya nini?

HESABU

1. Motere ya kamio ina silindri 6, inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Enjekteri moja inapuliza mara ngapi kwa dakika? Na zote sita pamoja?
2. Motere ya hospitali inakula litri 1.8 kwa saa. Litri 18 zitatosha saa ngapi? Ikiwaka toka saa kumi na mbili jioni, itazima saa ngapi? Mlinzi aongeze mazuti kabla ya saa gani, ili hewa isiingie?